Njia ya Miwani

Jumamosi, 3 Mei

Siku kubwa! Mkunga wa zahanati, mwenyekiti wa kikundi cha wakimbiaji wa mji wetu, amepita dukani kwangu nimkazie skrubu ya miwani, akaniachia habari nzito. Kikundi kinatafuta njia mpya ya kukimbia kila Jumamosi. Ianzie lango la ngome, izunguke mji wa kale, ifike mlango wa mto, irudi. Mwanachama yeyote anaruhusiwa kupendekeza. Itakayoshinda itachorwa ukutani pale langoni, pamoja na jina la aliyeibuni. Ukutani! Kwa rangi! Wajukuu zangu watazeeka wakilisoma.

Nikauliza nani ameshapendekeza. Akasema mpaka sasa ni shemeji yangu tu.

Shemeji. Kaka wa mke wangu. Mzimamoto, vigimbi kama mikate ya boflo. Hukimbia kila asubuhi, kisha hupita kwetu kunywa chai na hana hata jasho la kufuta. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, humkaangia mayai mawili. Mimi moja.

Nikatamka hapo hapo kwamba na mimi ninayo njia, tena ya ajabu. Mkunga akakitazama kitambi changu kwa huruma ya kikazi, akauliza tangu lini mimi ni mwanachama. Tangu sasa, nikasema.

Nilipomweleza mke wangu alicheka mpaka akatafuta kiti. Eti nikiinama kufunga kamba za viatu lazima nipumzike kati ya cha kulia na cha kushoto. Uzushi mtupu! Viatu vyangu havina kamba siku hizi.

Jumapili, 4 Mei

Nimeipima njia. Kwa baiskeli ya mke wangu, lakini hilo halimhusu mtu. Simu mfukoni ilikuwa inachora kila ninapopita.

Nilianza langoni. Nikapita nyuma ya forodha ya zamani, nikashuka ngazi za mtaa wa mafundi cherehani (baiskeli begani, roho mkononi), nikazunguka mizinga yenye kutu, nikarudi chini ya ukuta wa ngome. Duara safi. Halafu kipande kifupi cha tuta, na ng'ambo ya tuta unaanza mto. Nikafuata kingo hadi kwenye mikoko. Hapo nikakwama, maji mbele.

Nikakaa kupumua, nikaitazama simu. Moyo ukaruka! Duara moja, kipande cha tuta, nusu ya duara la pili. Ukikata pale mlangoni mwa mto, juu ya mchanga, maji yakiwa yamekupwa, unapata nini? Miwani! Mji mzima utakuwa unakimbia tangazo la duka langu, tena kwa hiari yao, tena wakitoa jasho!

Mke wangu ameuliza kwa nini baiskeli ina tope hadi kwenye kengele. Nimemwambia kuna mtu aliiazima. Akauliza nani. Nikaenda kuoga.

Jumanne, 6 Mei

Kesho shemeji anaijaribisha njia yake na kikundi kizima. Amechora mishale ya chaki kwenye kila kona ili mtu asipotee. Kazi safi. Inaudhi.

Mchana nikafunga duka, nikatundika kibao cha kwenda kula. Kwenye kona ya kiwanda cha barafu nikachuchumaa, nikafuta mshale kwa leso, nikachora mwingine unaoelekea kushoto, getini. Mshale ukatoka mzuri kuliko wake. Kesho kikundi kitaingia kwenye uwanja wa kiwanda kama kondoo, shemeji ataaibika, nami nitasikitika mbele ya watu wote.

Nilipoinuka, mgongo ulilia kwa sauti.

Jumatano, 7 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Tuliondoka langoni pamoja. Kufika forodhani wenzangu walikuwa migongo tu. Kufika mtaa wa mafundi cherehani sikuona hata migongo. Nilichosahau ni hiki: wenzangu walikuwa wanamfuata shemeji. Hakuna aliyehitaji mishale. Aliyehitaji mishale ni wa mwisho. Wa mwisho nilikuwa mimi.

Na nilipofika kwenye ile kona, macho yana jasho, kichwa kinavuma, sikukumbuka chochote. Niliona mshale mzuri, nikaufuata.

Geti likafungwa nyuma yangu. Mlinzi akauliza nina shida gani. Nikasema nafuata mshale. Akasema basi ni vizuri nimekuja, maana jana alimwona mwanamume mwenye kitambi amechuchumaa akichora pale nje, akadhani ni wa idara ya maji. Akaniambia nigeuke. Nikageuka. Akasema kwa nyuma tunafanana sana.

Hakuniachilia mpaka aje mtu wa kunitambua. Akapigiwa simu shemeji. Shemeji akaja mbio (angekuja vipi?), akanikuta nimekaa juu ya bonge la barafu kwa ajili ya mgongo. Akamwambia mlinzi, kwa upole kabisa, "Huyu ni wa kwetu. Hupoteapotea kidogo." Hakuuliza habari za mshale. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Kesho zamu yangu! Mkunga alisita, akataka kujua kama nimewahi kuvuka mchanga ule. Nikasema mara nyingi mno. Akauliza je, maji? Nikasema maji tumezoeana.

Nina kalenda ya maji, ile ya bandarini, nimeitundika dukani nyuma ya mlango. Herufi zake kama mayai ya chawa. Duka limejaa miwani, lakini mimi sivai, hunizeesha. Nikarudi nyuma, nikasogea mbele, nikakunja jicho. Safu ya kushoto ni kupwa, ya kulia ni kujaa. Au kinyume chake. Hapana, ni kushoto. Asubuhi maji yatakuwa mbali kabisa, mchanga mkavu kama sakafu ya sebule.

Mama mkwe ameniuliza kama ni kweli kesho nawaongoza watu. Nikasema ni kweli. Akanisogezea yai la pili. Yai la pili! Sijui kama nitalala kwa furaha.

Jumamosi, 10 Mei

Lenzi ya kwanza ilikwenda kama ndoto. Watu walizipenda ngazi. Mafundi cherehani walitoka vibarazani wakapiga makofi, nami nikawapungia kutoka nyuma. Kwenye tuta nikawaomba wasimame ili niwaeleze historia ya mizinga. Sijui historia ya mizinga. Nilihitaji kupumua.

Tukafika mlangoni mwa mto. Mchanga ulikuwepo, lakini ulikuwa unang'aa kwa namna nisiyoipenda. Shemeji akaninong'oneza kwamba yeye anaona maji yanaingia. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba yanatoka. Nikatangulia. Mara ya kwanza wiki hii nilikuwa mbele!

Katikati, mguu wa kushoto ukazama hadi gotini. Nikautoa, kiatu kikabaki. Mguu wa kulia ukazama hadi pajani. Nyuma yangu watu wanapiga kelele na kucheka, mbele yangu maji yanakuja bila haraka, kama mtu anayejua nyumba yake. Nikajaribu kugeuka. Nikazama hadi kiunoni. Hapo, kusema kweli, niliogopa. Niliwaza watoto.

Mkunga akawaamuru wote warudi kingoni, ila shemeji. Kisha mkunga mwenyewe akalala kifudifudi juu ya tope, akanishika kwapani, akanitazama usoni.

"Usikaze mwili. Vuta pumzi. Haya, sasa sukuma!"

Nikasukuma.

"Sukuma tena, baba! Karibu tunamaliza!"

Nikatoka kwa mlio ambao sitauandika hapa. Shemeji akanibeba mgongoni, maji yakimfika mapajani, akanisihi nimshike mabega na siyo koo. Njiani akasema, taratibu, wasisikie wengine, "Shemeji, ungeniambia tu unataka tukimbie pamoja. Ningekungoja."

Nikatema tope. Nikalegeza mikono shingoni mwake.

Kingoni wamevunjika mbavu. Hakuna aliyekasirika. Mmoja wetu, fundi bomba, amepoteza viatu vyote viwili na anasema hajafurahi hivi tangu aoe.

Simu ilichora kila kitu. Lenzi ya kwanza safi, tuta, na kisha fujo, kama miwani iliyokaliwa na mtu mnene.

Jumapili, 11 Mei

Kikundi kimekutana langoni, uamuzi umetolewa. Mzunguko wa mji wa kale, wangu, umepita bila mpinzani. Upande wa mto watapita njia ya shemeji, juu, pakavu. Mchoraji ameshaanza kazi. Mkunga alitaka kuandika jina la shemeji peke yake. Shemeji akakataa, akasema yawekwe mawili au lisiwekwe hata moja.

Nikamshukuru. Nikamkumbatia, hata machozi yalinilenga. Mtu mwema yule. Kisha mchoraji akamaliza, nikaona jina langu ni la pili. La pili! Na herufi zake, nikikunja jicho, ni nyembamba zaidi.

Wakati tunatawanyika mkunga akatangaza kwamba mwezi ujao kutakuwa na siku ya kuogelea, kutoka gati la forodha hadi ng'ambo ya mlango wa mto. Anatafutwa mtu wa kutangulia na kuwaonyesha wengine mahali pazuri. Shemeji alikuwa anajikuna kichwa, bado anawaza.

Nimejitolea. Nimewaambia nimeogelea pale tangu utotoni, na usiku pia.

Mke wangu ananitazama tu, hacheki hata kidogo. Nimemuuliza kama kuna ugumu wowote, kujifunza kuelea.