Uzinduzi wa Bomba la Moshi, Wodi ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Moshi, ambaye pia ni mimi, Saulo Kalinga. Waheshimiwa wajumbe mliokaa kwenye viti. Viongozi wetu wa dini. Sista Rozalia, muuguzi wetu. Na ninyi kina mama mliojifungua juzi na jana, mliokaa kwenye nyasi kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kwenye viti. Kwenye nyasi mikono imeshika watoto.)

Ndugu zangu, suala la boila hili la kuni, linalowachemshia wazazi maji ya kuoga na kukandwa, ofisi yangu inalifahamu kwa mapana na marefu yake. Fundi alilifunga vizuri kabisa, isipokuwa mdomo wa bomba la moshi umekomea shubiri moja tu chini ya kenchi za paa, hivyo mbao zikaanza kuungua na moshi ukarudi wodini, jambo ambalo kitaalamu tunaliita changamoto. (Mtoto anakohoa.) Hatukulala. Tuliunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda sekretarieti, sekretarieti ikafanya semina elekezi kule Rujewa na ziara ya mafunzo Chunya, kwenye jua kali, ambako tulijiridhisha pasipo shaka kwamba wenzetu hawana kabisa tatizo la moshi wa boila. (Sauti: "Kwani wana boila?") Hawana. Ndiyo maana ya kujifunza, mama.

Na leo ninavyozungumza, moshi wodini umepungua kwa asilimia mia moja, tangu nilipoelekeza boila lisiwashwe. (Makofi. Viti tu.) Mama Ipyana, naona umesimama. Kwa kifupi.

("Mheshimiwa, mimi Tumpe sina maneno mengi. Asubuhi hapa kwetu baridi unaijua. Mdogo wake Ipyana tumemwogesha maji ya baridi mpaka midomo ikabadilika rangi. Bomba refu si hilo hapo limelala? Lipandisheni lipite paa, tuwashe moto. Basi.")

Asante, mama. Hoja imepokelewa, itaingizwa kwenye mpango mkakati awamu ya pili. Bomba unalolisema ni kielelezo cha dira, nimelikatia utepe kwa mkono wangu huu, na wapiga picha wameniambia nimetoka vizuri. Sasa wote! Nikisema moshi, semeni juu! Moshi! ("Juu!") Maji! ("Moto!") Mama! (Mtoto yuleyule anakohoa.)

Kwa kumalizia, naushukuru usharika wa Kilutheri, kupitia Mzee Aroni, mpishi wao, kwa kutuazima bomba hili la jiko lao kwa ajili ya shughuli ya leo, kwa kuwa la kwetu halijaagizwa, fundi hajatafutwa, na mradi wenyewe bado hatujauandika popote. Kesho wana sherehe ya kipaimara, wanapika, kwa hiyo lirudi likiwa safi. Dereva, sogeza gari. Mama Ipyana, pisha, bomba si la kukalia. Na wewe Frida, mzazi wa jana, nyanyuka. Jamani, hata wewe, Sista Rozalia? Mzee Aroni, waambie basi. Na ngazi hiyo unaipeleka wapi?

("Paani, mheshimiwa. Kipaimara tutapikia mafiga.")