Kisima Chenye Hoja Dhaifu

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, ombi lolote litakaloletwa ofisini litaandikwa kwa mtindo wa insha ya kushawishi. Barua za maombi zimefutwa, kwa kuwa imebainika zilikuwa zinaomba tu.

Tangazo hilo alilibandika Machibya mwenyewe kwenye mlango wa ofisi moja mjini Bariadi. Alikuwa Kaimu Afisa Ushawishi, mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili akarudi na cheti na mkoba. Aliamini kwa dhati kwamba tatizo la vijiji si maji wala barabara, ni aya za utangulizi.

Wa kwanza kufika alikuwa Nyanjige, mkulima wa pamba kutoka upande wa Nkololo. Pampu ya kisima cha kitongoji chao ilikufa tangu Machi, na wanawake walikuwa wakifukua mchanga mtoni, wakigombea shimo na ng'ombe. Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja: pampu imeharibika, tunaomba fundi.

"Mayu, mama yangu, umeanza na jambo lenyewe," Machibya alimwambia kwa upole. "Msomaji anashtuka. Mvute kwanza."

Nyanjige akarudi baada ya wiki na kurasa tatu. Zilivuta, ila hazikuwa na ushahidi. Wiki iliyofuata akaleta ushahidi: chupa ya maji ya mtoni, rangi ya chai ya maziwa. Machibya aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga muhuri, akaeleza kwamba bado kuna kitu kinachowashinda wengi, yaani hoja ya upande wa pili.

"Yule anayepinga," alifafanua. "Umtaje kwa haki, useme anachosema, ndipo umjibu."

"Sasa baba, mtu anayepinga maji nitampata wapi?"

Swali lilimfurahisha Machibya. Akafungua kabati, akatoa taarifa ya robo mwaka, akamsomea: kisima hicho kinatoa maji safi saa ishirini na nne.

"Nani alikiona kikitoa?"

"Mimi. Nilikikagua kwa simu."

Nyanjige akaazima kalamu. Akamwomba pia Machibya majina yake yote matatu, ili amtendee haki. Machibya aliyataja polepole, asije akakosea herufi.

Insha ilipokamilika, nusura imlize Machibya. Aliipeleka mwenyewe kwa mkuu wa ofisi, Bi Maximiliana, kama mafanikio ya kitengo. Bi Maximiliana aliisoma mara mbili.

"Nimeshawishika," alisema.

Machibya akaweka tai sawa.

"Huyu mpinzani ahamie huko leo. Akae mpaka hicho kisima kitoe hayo maji ya saa ishirini na nne."

Siku ya kwanza Machibya alipewa ndoo na zamu ya kuchota mtoni. Siku ya pili fahali alimsukuma pembeni ndoo haijafika nusu. Viganja vikiwa vimechubuka, alimpigia simu fundi Luhaga, aliyekuwa mjini.

Luhaga, mtu anayeheshimu taratibu, akauliza insha ya kazi hiyo ataipata kwa nani.

"Achana na insha, ndugu yangu. Watu wana kiu. Njoo na spana."

Kesho yake saa nne maji yalitoka. Kilichokuwa kimelegea ni nati moja. Machibya akaomba apishwe achote kwanza, awahi ofisini.

Mbele ya foleni, Nyanjige alikuwa amekalia ndoo yake.

"Tushawishi, baba," alisema, wala hakusimama.