Robo Kijiko

Mtaalamu hakuwa mtaalamu wa kitu chochote, ila hilo tuliache, maana hata yeye mwenyewe alikuwa ameshalisahau. Asubuhi hiyo alikuwa amejibanza mlangoni mwa jimu akikimbia mvua. Akawaona wanaume kumi na wawili wananyanyua vyuma, wanashusha, halafu wanakimbilia kioo kuangalia kama kuna kilichoongezeka. Mmoja wao, fundi magari waliyemwita Kifua, alikuwa anajipima mkono kwa futi ya fundi cherehani, na alijipima mara tatu ndani ya dakika tano. Mtaalamu nusura amwage machozi. Watu wenye haraka, wenye mishahara, na wenye kioo! Mungu akupe nini tena?

Kulikuwa na doa moja tu. Kwenye kibaraza cha jimu palikuwa na meza ya Shangazi. Alikuwa shangazi halisi wa Kocha, mwenye jimu, dada wa baba yake wa damu, lakini jimu nzima ilimwita hivyo. Kwa miaka sita aliuza hapo mayai ya kuchemsha, maziwa, na maharage ya moto kwenye sufuria lenye mfuniko uliopinda. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwa na mtu wa kumtunza.

Wiki iliyofuata Mtaalamu alirudi na koti jeupe na makopo meusi. Kwenye kopo kulikuwa na picha ya mtu mwenye misuli mpaka kwenye masikio. Ndani kulikuwa na unga wa muhogo, sukari na kakao.

"Kocha, mdogo wangu, hawa watu unawamaliza," alisema, akiwa ameshika kopo kwa mikono miwili. "Wanachoma misuli, hawaijazi! Hii ni protini ya majuu. Yai lina nini? Yai ni chakula cha kifaranga."

Kocha akayatazama mayai ya shangazi yake, na kwa mara ya kwanza akayaona madogo.

Alikuwepo muuguzi mmoja aliyekuja kukimbia kila akitoka zamu. Alilichukua kopo, akaligeuza huku na huku. "Jamani, mtu mzima wa afya akila maharage, samaki, mayai na maziwa, anapata protini ya kumtosha, hata akifanya mazoezi kila siku. Hata ule unga wa kweli ni chakula tu kilichokaushwa. Unamfaa asiyepata nafasi ya kula vizuri. Na hili kopo halina hata jina la aliyelitengeneza."

Maneno ya maana kabisa. Lakini aliyasema bure, tena akiwa amevaa ndala, kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza.

Makopo yakaisha siku hiyo hiyo. Masharti yalikuwa vijiko vitatu vikubwa kila siku, ili kopo liishe ndani ya siku kumi na mteja arudi. Hapo ndipo utamu wa biashara ulipokuwa. Mwisho wa wiki Kocha akatoka kibarazani akikuna shingo.

"Shangazi, usinielewe vibaya..."

"Ukianza hivyo nishakuelewa."

"Mtaalamu anakitaka kibaraza, afungue duka. Amelipa kodi ya mwaka mzima. Kwa hiyo mwisho wa mwezi, meza..."

"Meza iende wapi, mwanangu? Nyumbani kwangu nimuuzie nani, ukuta? Mimi niliyekubeba mgongoni!"

Kocha akainamia viatu vyake, lakini neno hakulirudisha. Shangazi aliumia, tena aliumia sana. Usiku huo hakula. Asubuhi akachemsha mayai mengi kuliko siku zote, akaja, akakaa.

Kifua alikuwa wa kwanza kufika, anatikisa chupa yake. Shangazi akamtazama, akashika mdomo.

"Mwanangu! Umeweka vijiko vingapi humo?"

"Vitatu. Kwani vipi?"

"Aa, mimi siingilii mambo ya watu." Akamenya yai taratibu.

"Shangazi, sema bwana! Unanitisha."

"Moyo wako hauendi mbio? Hiyo kitu ni kali, baba. Nasikia huko huko majuu, wenye miili yao, wanatumia robo kijiko cha chai. Na lazima uweke mayai mawili chini yake na bakuli la maharage, ipate pa kushika. Vijiko vitatu ni vya farasi wa mashindano!"

Kifua akaimwaga chupa yote mtaroni. Akala mayai mawili, akala maharage, akapima robo kijiko kutoka kwenye kopo lake, akalamba. Wenzake kumi na mmoja walikuwa wameshafika, wamemzunguka, wanasubiri.

Sasa niambie wewe, mwanamume na kifua chake, mbele ya wanaume kumi na mmoja, atasema kitu kikali namna ile hakikumfanya kitu?

"Imepanda mpaka kichwani," alisema Kifua.

Mwenzao mmoja, karani wa benki, akalamba, akasema yeye imempitia mgongoni. Kufika Ijumaa kila mtu alikuwa na mahali pake ilipopita. Aliyetumia kidogo zaidi ndiye aliyeonekana hatari zaidi, na kulikuwa na mmoja aliyejigamba kwamba yeye huwa anafungua kopo, ananusa tu, anafunga.

La ajabu, miili ikajaa. Mayai kila siku, maharage kila siku, vyuma, na kulala mapema kwa kuogopa moyo kwenda mbio. Wakamshukuru Mtaalamu kwa kumkumbatia. Ndicho kilichomchoma zaidi, maana hakuna aliyenunua kopo la pili. Alikuwa ameuza pikipiki ili alipe kibaraza na kujaza makopo mia mbili, na kila akimuuliza mteja, anajibiwa, "Kopo? Hili litanifikisha mwakani, daktari wangu!"

Alipojua robo kijiko imetoka wapi, akaingia jimu moja kwa moja na kopo mkononi.

"Ndugu zangu, mmedanganywa! Ni vijiko vitatu, vikubwa!"

"Unataka kutuua?" aliuliza karani.

"Haina madhara yoyote!"

"Kitu kikali hivi?"

"Si kikali!" akasema, akajing'ata ulimi.

Sauti ya Shangazi ikaja kutoka mlangoni, ya upole kabisa. "Basi ale yeye. Vitano. Tuone."

Mtaalamu akapiga hesabu haraka. Akiugua, nani atanunua sumu? Asipopatwa na kitu, nani atanunua unga? Akaamua kufanya kinachobaki, yaani kupata nguvu. Akala vijiko vitano vya unga mbichi. Cha tatu kilimkwama, akakohoa vumbi la kakao, akasukumia na maji. Kisha akavua koti.

"Naam! Naisikia! Inapanda!"

"Mimi robo tu inanifika kichwani," alisema Kifua kwa heshima. "Yeye kala vitano. Mpeni chuma."

Wakamlaza kwenye benchi, wakampa chuma cha Kifua. Hakikutikisika. Wakapunguza, wakapunguza tena, ukabaki mtaimbo mtupu. Huo aliunyanyua kidogo, ukarudi, ukatua kifuani, ukakaa.

Kifua akainama. "Mtaalamu. Nimekuwa nakula nini mimi?"

"Muhogo," alisema Mtaalamu kwa sauti nyembamba, maana mtu mwenye mtaimbo kifuani hana pumzi ya maelezo. "Nitoeni!"

Hakuna aliyesogea. Shangazi akaja na kitambaa chake begani, akasimama juu yake. "Na kibaraza?"

"Chako, Shangazi! Mwaka mzima! Kocha, umesikia? Chake!"

"Nimesikia," alisema Kocha.

Wakamtoa, akaondoka bila koti. Hakuna aliyemfukuza wala kudai pesa yake, kwa sababu anayedai angelazimika kueleza muhogo ulimpandaje mpaka kichwani. Wakarudi kwenye vyuma, wote wakikwepa kutazamana kiooni.

Kocha alibaki kibarazani peke yake na shangazi yake, hajui aweke wapi mikono.

"Shangazi, nisamehe. Lakini ile robo kijiko, ni nani hasa alikuambia?"

"Hakuna."

"Kumbe na wewe ulitudanganya?"

"Yeye aliwadanganya mkala muhogo. Mimi niliwadanganya mkala chakula." Akafunua sufuria. "Unataka bakuli kubwa au dogo?"

Kocha alitaka kubwa.