Krimu Isiyotaka Kuzama

Jumatatu, 4 Agosti

Bosi ametangaza. Ijumaa atachagua krimu moja ya vitamini C, yangu au ya Miwani, mwenzangu wa maabara. Mshindi anabaki maabara. Anayeshindwa anahamia chumba cha kufungasha, na mkubwa wa kule ni mama mkwe wangu. Mama mkwe! Kutwa nzima mbele yake, kichwa chini, nabandika lebo, hata kupiga chafya naomba radhi. Siwezi.

Na krimu yangu haizami. Jaribio lililopita liliniaibisha. Tunampaka mtu mkononi, tunasubiri, tunafuta, kisha tunabandika selotepu palepale na kuibandua, tena na tena. Kila kipande kinaondoka na utando wa ngozi. Vya mwanzo ni ngozi ya juu, vya mwisho ni ya ndani, na mashine inapima vitamini iliyomo katika kila kimoja. Yangu yote ilikutwa juu, kama mgeni aliyegoma kuvuka kizingiti.

Leo nimeiongezea uchachu kidogo. Wanasema vitamini hii hupenya vizuri zaidi ikiwa chachu. Sina imani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa. Nailoni! Ngozi ikifunikwa inatoa jasho, inalainika, inanyonya. Kanuni inakataza kufunika, lakini kanuni haina mama mkwe.

Wa kupimiwa ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Mkono wa kushoto krimu yangu, wa kulia ya Miwani. Ameuliza kama nailoni itamwasha. Nimemwambia siwezi kumdhuru, dada yake atanila mbichi. Huyo dada naye kaniuliza nailoni yake ya kufunikia vyakula imeenda wapi. Nikasema imeenda kwenye sayansi. Akasema sayansi ikanunue yake.

Jumatano, 6 Agosti

Bosi alipaka mwenyewe. Alipotoka nikampeleka shemeji stoo, nikamfunga nailoni, nikashusha mkono wa shati. Nikamwambia atulie kama sanamu.

Bosi akarudi mapema! Akampandisha shemeji mkono wa shati pale pale mbele yangu. Roho ikanitoka. Mkono mtupu, nailoni hakuna.

Akabandua selotepu, kila kipande kichupa chake, vichupa kwenye kibao cha matundu. Hapa kwetu hatuandiki namba, tunafuata mpango: kushoto ngozi ya juu, kulia ya ndani. Kibao changu, kibao cha Miwani.

Baadaye shemeji kanieleza. Nailoni aliivua nilipompa kisogo tu, ilimwasha. Basi nimekwisha. Vichupa vinasomwa kesho.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikupata usingizi. Nimefika kabla ya wote, ufunguo ninao. Nimekaa mbele ya kibao changu nikikitazama, na wazo likaja lenyewe. Kama vitamini yangu yote imerundikana kushoto, nikikigeuza kibao itakuwa kulia. Ya juu inakuwa ya ndani. Nikakizungusha.

Hapo hapo nikasikia viatu vya Miwani kwenye korido. Nikainama nikajifanya natafuta kalamu. Alinisalimia kwa upole mno. Ameniona? Mashine imeunguruma kutwa, na bosi kafungia majibu kwenye droo.

Ijumaa, 8 Agosti

Majibu ukutani, kwa mchoro. Ya Miwani nyingi imebaki juu, kidogo ndiyo imeingia. Yangu imejaa juu, ndani karibu hakuna kitu.

Nikatazama ule mchoro. Nikautazama tena. Kibao si nilikigeuza? Basi kinachoonekana juu ndicho kilichokuwa ndani. Krimu yangu ilizama! Yenyewe, bila nailoni, kwa ule uchachu wa Jumatatu. Ilimshinda Miwani mbali kabisa, na mimi nimeizika kwa mikono yangu.

Nilalamike? Ningesema kibao kimegeuzwa na nani? Miwani akanipa pole. Iliniuma kuliko kicheko.

Jumatatu, 11 Agosti

Kufungasha. Mama mkwe kaniwekea kiti mkabala na chake. Nimemwamkia mara mbili kwa woga. Akasema, mwanangu, nyumbani wewe ni mkwe, hapa wewe ni mfanyakazi, na lebo zako zimepinda. Nikazibandua. Nikazibandika upya. Akasema bado. Chafya nimeimeza mpaka machozi yakanilenga.

Jumanne, 12 Agosti

Bosi mwenyewe kaja chumba cha kufungasha! Hajaridhika na majibu. Anasema krimu chachu namna ile haiwezi kukaa juu vile, lazima kuna kosa mahali. Kesho jaribio linarudiwa. Krimu zilezile, mikono ileile ya shemeji. Nikishinda, narudi maabara.

Nusura nimkumbatie mbele ya mama mkwe. Krimu yangu inazama, ya Miwani inabaki juu, najua mimi. Nimemwambia shemeji hakuna nailoni safari hii, aje tu na mikono yake. Sina haja ya kufanya lolote.

Ila nimefikiri. Miwani simwamini, na mambo haya hayaachiwi hivihivi. Na somo nimelipata, tena kwa machungu: kibao kikigeuzwa, mwenye krimu anaanguka. Mimi kiliniangusha mpaka huku. Ufunguo hawajaniuliza bado. Changu sitakigusa hata kwa ukucha.

Nitageuza cha Miwani.