Keki ya Makabidhiano

Watumishi wote wa Kaunti ya Wendell, pamoja na wadau na wananchi wenye mapenzi mema, walitangaziwa kwa barua pepe yenye viambatisho sita kwamba tatizo la maafisa wa ustawi wa watoto kuacha kazi lilikuwa limekwisha. Utafiti ulikuwa umethibitisha hivyo. Sherehe ingefanyika Ijumaa saa nane mchana katika chumba cha mapumziko, naibu kamishna angekuja kutoka makao makuu ya jimbo, na kila mtu aliombwa asiegeshe gari karibu na mlango.

Aliyeweka sahihi ni Daktari Leland Vosicky, mzee wa miaka sitini na saba, mkurugenzi wa Kitengo cha Utafiti wa Maendeleo ya Watumishi wa Ustawi wa Mtoto. Kitengo kilikuwa na watu wawili: yeye mwenyewe, na Bi Dot Pilger wa mapokezi, ambaye kitengo kilimwazima kila Jumanne ili akusanye madodoso.

Dodoso lilikuwa na maswali tisini na manne na lilitoka kila baada ya miezi mitatu. Leland alikuwa amelitunga kwa mkono wake na kulitetea kwa miaka kumi na mmoja. Maafisa wote walilijaza, asilimia mia moja, kiwango ambacho watafiti wa kaunti za jirani walikitaja kwa wivu. Asilimia themanini na tisa walisema wameridhika na kazi. Kwamba nusu ya hao walioridhika walikuwa wameshaondoka kabla takwimu hazijachapishwa, hilo Leland alilieleza vizuri sana katika tanbihi.

Hakuwa mtu wa kujisifu, ila ukuta wa ofisi yake ulijisifu kwa niaba yake. Ulining'iniza shahada ya udaktari aliyoipata kwa masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na mmoja. Pembeni yake, ndani ya fremu ya mbao, ilikuwamo leseni ya afisa ustawi. Kazi yenyewe aliifanya ujanani kwa miezi kumi na minne. Leseni alikuwa ameihuisha kila miaka miwili kwa miaka thelathini na minane, kwa kuwa ilipendeza ukutani.

Lakini mchango wake mkubwa kwa taifa ulikuwa ukurasa wa 212 wa ripoti yake. Humo alipendekeza kwamba afisa anapoondoka, mtoto akabidhiwe kwa afisa mpya mbele ya keki, ili ubongo wake uhusishe mabadiliko na utamu. Kurasa nyingine 340 kaunti ilizihifadhi kabatini. Huo mmoja iliutekeleza mara moja, maana duka la keki lilikuwa ng'ambo ya barabara. Leland alihudhuria kila makabidhiano, akiwa ameshika kipande kwenye kisahani cha karatasi bila kukila.

Sasa kulikuwa na mtoto mmoja, Tawny Rusk, wa miaka tisa, aliyekuwa akilelewa na familia yake ya tatu. Kwa miaka mitatu alikuwa amepitia mikono ya maafisa watano. Mwanzoni alikula keki kama watoto wengine. Kisha, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya jirani, aliisukuma keki ikaenda chini kabla mishumaa haijawashwa. Akarudia kanisani. Akarudia shuleni, siku ya kumuaga mpishi. Kwenye faili lake tatizo hilo liliitwa "mwitikio hasi dhidi ya vyakula vya kuokwa," naye akapewa rufaa ya kwenda kliniki ya afya ya tabia ya watoto.

Foleni ya kliniki ilikuwa ya miezi saba. Fomu ya rufaa ilitakiwa iwe na jina la afisa. Faili likilala hata usiku mmoja bila afisa, fomu inakufa, na mtoto anarudi mwisho wa foleni. Kuajiri afisa mpya kulichukua siku arobaini na moja. Kwa hiyo Tawny alikuwa amepanga foleni mara mbili, na mara mbili amerudishwa nyuma. Safari hii ya tatu, chini ya afisa Brenna Ostdiek, zilikuwa zimebaki wiki tatu tu aonane na mshauri.

Jumatano Brenna aliingia ofisini kwa Leland bila kuvua koti, theluji ikimdondoka mabegani.

"Bosi, keshokutwa ndiyo mwisho wangu."

"Mwisho wa nini?"

"Wa kazi. Barua nilileta wiki mbili zilizopita, maana za kuacha kazi zote huanzia kwako. Ile pale, chini ya madodoso yako."

Leland aliinua rundo. Kweli ilikuwapo.

"Lakini wewe umeridhika," alisema, akifungua jedwali. "Oktoba uliandika: nimeridhika sana."

"Mimi? Oktoba nilikuwa na faili thelathini na mafua juu. Haya, kama imeandikwa niliridhika, basi niliridhika."

"Unakwenda wapi?"

"Duka la vifaa vya ujenzi, upande wa rangi. Kopo la rangi haliniulizi nitarudi lini." Alikung'uta theluji begani. "Bosi, shida yangu ni Tawny. Nitafutie mtu wa kubeba faili lake wiki tatu tu. Wenzangu wote wana thelathini, na sheria inakataza kuzidisha. Ikifika saa kumi na moja Ijumaa bila jina, fomu imekwenda."

"Suala zito hilo," alisema Leland, na alimaanisha. Akachukua kalamu. "Nitaliweka kwenye mapendekezo."

"Ya lini?"

"Ya toleo la pili."

Brenna alimtazama, akatazama ukuta, akatoka.

Ijumaa chumba cha mapumziko kilijaa. Kwa kubana matumizi, sherehe ya ushindi na makabidhiano ya Brenna viliunganishwa katika keki moja kubwa. Juu iliandikwa kwa sukari ya buluu HONGERA KWA KUBAKI. Chini yake, kwa herufi ndogo, Kwaheri Brenna. Tawny naye aliletwa kama ukurasa wa 212 unavyoagiza, ingawa hapakuwa na afisa wa kumpokea. Aliketi kando ya meza na koti lake la zambarau, anasoma keki.

Leland alihutubia kwa dakika ishirini. Alipofika kwenye viashiria vya ubakizaji, Tawny alinyoosha mkono.

"Nani anaondoka?"

"Hakuna anayeondoka, binti. Leo tunasherehekea watu kubaki."

"Imeandikwa kwaheri Brenna."

Watu wakaanza kukagua viatu vyao. Brenna akapiga magoti mbele ya mtoto, akamfunga kifungo cha koti. Tawny alisimama. Aliisukuma keki taratibu, kama anafunga droo, ikapita ukingo wa meza na kutua juu ya viatu vya naibu kamishna, Bi Corinne Haverkamp.

"Samahani, mheshimiwa," alisema Leland. "Huo ndio mwitikio hasi niliokueleza."

Bi Haverkamp alichomoa viatu kwenye keki. Aliinama kwa mtoto. "Mama, keki imekukosea nini?"

"Nikila, wanaondoka," alisema Tawny. "Nilikula ya kwanza, nikala ya pili. Nikaacha kula. Sasa naziangusha. Bado wanaondoka tu."

Bi Haverkamp aliinuka, akawageukia watu wazima.

"Nani alibuni huu mtindo wa keki?"

"Ukurasa wa mia mbili kumi na mbili," alisema Bi Dot, aliyependa kusaidia.

Brenna alisimama. Alieleza habari ya fomu, foleni na saa kumi na moja. Bi Haverkamp alitazama saa ya ukutani, kisha viatu vyake.

"Hakuna mtu humu mwenye leseni na nafasi?"

"Leland anayo leseni," alisema Bi Dot. "Ameitundika mbele kabisa ya kiti cha wageni, mtu asije akaikosa. Hai mpaka mwakani."

"Ana faili ngapi?"

"Hana hata moja, masikini."

Leland alilegeza tai. "Mheshimiwa, mimi ni mtafiti. Nikiingia mwenyewe kazini nitaathiri takwimu."

"Ziathiri," alisema Bi Haverkamp, akampa kalamu. "Na ukishazoea, watakuongezea za Brenna zilizobaki."

Leland alitia sahihi fomu saa kumi kasoro robo, akitumia mgongo wa ripoti yake kama meza. Tawny alikuwa akimwangalia tangu mwanzo.

"Babu, na wewe keki yako lini?"

Leland alitafuta jibu katika kurasa zote 341. Halikuwamo.

"Mimi nina kisukari," alisema. "Daktari amenikataza keki kabisa."

Tawny alifikiri. "Ndiyo maana huwa unashika tu, huli."

"Ndiyo maana."

"Kwa hiyo hawawezi kukupa."

"Hawawezi."

"Sawa," alisema Tawny, akaanza kuokota sukari ya buluu sakafuni kwa kitambaa cha karatasi.

Wiki tatu baadaye Leland alikuwa na faili ishirini na sita, doa la kahawa kwenye tai, na kikohozi. Alipita mapokezi mbio, funguo za gari mdomoni, maana Tawny alitakiwa kliniki saa tisa na kioo cha gari bado kilikuwa na barafu ya kukwangua. Mezani kwa Bi Dot palikuwa na dodoso la robo mwaka, lenye jina lake. Mwisho wa kurejesha ulikuwa saa tisa.

"Liache hapo, Leland, nitakujazia," alisema Bi Dot bila kuinua macho. "Kama ninavyowajazia wenzako miaka yote. Niambie tu unataka uwe umeridhika kiasi gani."

Leland alisimama. Miaka kumi na mmoja ilimpita mbele ya macho, na asilimia zake zote.

Akatoa funguo mdomoni.

"Wewe huwa unaweka ngapi?"

"Nne kati ya tano. Tano watashtuka."

"Weka nne," alisema Leland, akatoka kukwangua barafu.