Mashini ya Tata Muteba na kiti ya bageni

Leo haya imenikamata, bandugu ba quartier, mutaa yetu ya zamani. Ni mi mwenyewe nawaambia, mbele ya jirani yangu Mama Béa kuongeza chumvi.

Munajua, tangu batufukuze mu manyumba kule Kolwezi juu ya mine ya kuchimba shaba, mi niko huku Kasaji. Shamba sina. Mvua iko karibu. Sasa Tata Muteba, muwindaji wa huku, iko na mashini ya mukono ya kujaza kartushi za bunduki yake. Ilivunjika. Ngulube za pori zinamaliza mihogo ya batu, yeye anaangalia tu. Akaniambia: "Mama, ukitengeneza hii, nakupa kipande ya shamba pembeni ya muto."

Marehemu bwana yangu alikuwa ajusteur, fundi wa vyuma. Mi njo nilikuwa namushikia taa na kumupatia clé, spana zake. (Masomo sina, lakini macho niko nayo.)

Nikaanza. Mukono ya mashini: nilikata mupini ya jembe. Ressort, ile springi: nilitosha ku kinga, baiskeli ya zamani yenye haina tena magurudumu. Ikabakia bulon, ile skurubu nene ya kushika ule mukono. Za ku soko zilipinda sawa mushumaa.

Nikaangalia kiti ya chuma ya marehemu. Siku ya kutufukuza niliacha kabati, nikabeba ile kiti ku kichwa. Hakuna mwenye anaikalaka pale, hata mi. Ni ya bageni. Bulon yake ni ya kweli, ya ku atelier. Nikaitosha ku kiti. Nitarudisha kesho! (Kesho gani?)

Mashini ikakaza. Nikaijaribu bule, bila baruti, mi si wazimu. Ikashuka, ikapanda. Nikacheza peke yangu mu nyumba. Mutu wa miaka yangu!

Leo saa tisa Tata Muteba akafika, na koti ya kanisa. Mama Béa akamufuata juu ya kuona. Tata akavuta kitabure, kile kiti kidogo cha ku mulango.

"Tata, hapana! Usiikale pale."

"Niko muzuri hapa, mama."

"Mu nyumba yangu mugeni haikalake ku kitabure! Kuya ku kiti."

"Mama, mi ni muwindaji, naikalaka hata ku jiwe."

"Unazarau marehemu?"

Akaikala.

Yesu wangu! Muguu moja ya kiti ilienda Dilolo, ingine Kolwezi. Tata Muteba chini, kofia yake mu sufuria ya sombe, majani ya mihogo. Mama Béa akacheka mpaka akashika ukuta.

Tata akaangalia tundu ya kiti. Akaangalia mashini. Akaniangalia mi.

"Mama. Bulon ya hii kiti iko wapi?"

Mi mwenye nakelelekaka batu kila siku: rudisha kitu pahali yake, njo nilisahau! Nikaonyesha na kidole tu.

Hakusimama. Akavuta mashini pale pale chini, akakamata mukono. Chini, yulu. Chini, yulu. Mara kumi. Akagusa bulon. Haikutikisika.

"Hii haitoke tena hapa," akasema. "Kesho asubui kuya na jembe, nikuonyeshe shamba."

(Jembe haina tena mupini.)

Ku mulango akageuka: "Lakini siku ya kuvuna, mama, ukiniita kula, mi nitakula nasimama."

Basi, musicheke. Mwenye atacheka akuye Kasaji anisalimie. Kiti iko, inamungojea.