Chupa Ndani ya Mlango wa Castellan

Jumatatu, 13 Juni 2011

Daktari wa presha kasema niandike yanayonisumbua, yatoke kifuani. Haya. Leo yako mengi.

Asubuhi Dada Odessa Crumpler kanipa lifti kutoka dukani. Mjane, jirani, mpiga kinanda wa kanisa letu, na kwa kukaanga kambare hana mwenzake Detroit nzima. Miezi minane namfukuzia kwa heshima zote. Leo ndiyo mara ya kwanza kaitoa gereji Castellan, gari la marehemu mumewe. Ya mwaka '81, rangi ya divai, viti vya mahameli. Nikakaa mbele kama seneta. Nikamwambia gari hili nimelijenga mimi. Yaani milango. Miaka ishirini na tisa idara ya milango, na hakuna aliyenifikia!

Tukakata kona ya kanisani. Kodo-kodo-ko. Ndani ya mlango wangu, chini ya kiwiko.

Jasho likanitoka palepale. Sauti ile naijua. Ni chupa ya soda, ndani ina nati tatu, imetundikwa kwa waya.

Dada Odessa akasema nisishtuke, mlango huo unalia tangu walipolinunua. Marehemu alilirudisha kwa wauzaji mara kumi na moja. Wakamwambia kelele ziko masikioni mwake. Lakini Jumamosi saa kumi, akasema, Kaka Clemon Yarbrough atakuja kuufungua kwa bisibisi, maana Jumapili ni Siku ya Akina Baba na kanisa lina maonyesho ya magari ya zamani.

Nimefika nyumbani nimekaa kwenye kochi na kofia kichwani. Mpaka sasa sijaivua.

Jumanne, 14 Juni

Niseme ukweli, daftari hili halisomwi na mtu.

Mwaka ule kiwandani walituongezea kasi mpaka mtu hapati nafasi ya kujikuna. Msimamizi anasimama mgongoni na saa mkononi. Sisi wa milango tukawa na mchezo wetu. Gari la anasa likipita, mmoja anatundika chupa ndani ya mlango, na kikaratasi ndani ya chupa. Tajiri aendeshe mpaka achanganyikiwe. Wenzangu waliandika matusi bila jina. Waoga! Mimi niliandika: "Hongera tajiri, umenipata! Imekuchukua muda gani? L. Pettway, milango, zamu ya pili." Fundi wa kweli hafichi jina.

Nilidhani magari yale yote yanakwenda kwa mabwana wakubwa wa Grosse Pointe. Sikujua moja linakuja mtaani kwetu. Tena kwa Daktari Thaddeus Crumpler, daktari wa meno, mtu mpole, aliyenitengenezea haya meno ya bandia niliyonayo kinywani. Mimi natafuna kwa kazi ya mikono yake. Yeye kafa akisikiliza kazi ya mikono yangu.

Nimemaliza kuandika hayo, nimeyatoa meno nimeyaweka kwenye glasi. Yananitazama.

Mpango wa kwanza, mchana. Nilikwenda kumwonya Dada Odessa kwamba milango ya Castellan ina springi kali sana, ukiifungua inaruka inang'oa jicho la mtu. Namkuta Clemon yuko pale, anakunywa chai ya barafu kwenye kiti changu. Huyu alikuwa mkaguzi wa hatua ya mwisho wa milango kiwandani kwetu, na bado anatembea na kile kipimo cha madaktari cha kusikilizia kifua, ati anasikiliza magari. Akasema kakagua milango miaka kumi na saba, hajakutana na springi inayokula macho. Akaniuliza, "Lucius bwana, unaogopa springi au unaogopa nini?"

Dada Odessa akacheka. Nami nikacheka.

Jumatano, 15 Juni

Mpango wa pili. Huu ulikuwa na akili.

Jioni, kabla jua halijashuka, tulikuwa kwenye somo la Biblia. Castellan imeegeshwa nyuma ya kanisa. Nikasema tumbo linanikata, nikatoka, bisibisi ndani ya soksi. Ufunguo uko garini, Dada Odessa huuacha humo, maana nani aibe gari lile? Linafahamika kwa wezi wote. Injini yake ya silinda nane ilitengenezwa ijizimie nne ili ibane petroli, ikawa inajizimia zote nane katikati ya barabara kuu. Paa la ngozi bandia lina mishono kana kwamba linakunjuka. Halikunjuki. Saa yake ya taa za kijani imesema saa sita tangu majira ya baridi ya '82. Na tulikuwa tunaliita fahari ya Amerika! Mimi mwenyewe nililisifu kinyozini.

Kitu kimoja tu kimedumu, nami nilikisahau. Gari lile linasema. Walilitia kisanduku chenye sauti ya mwanamume aliyeshiba.

Nimefungua mlango, nimepiga magoti, nimetoa skrubu ya kwanza.

"MLANGO WAKO UKO WAZI."

Mungu wangu! Kama shemasi msibani. Nikamwomba anyamaze. Nikafunika dashibodi kwa koti. "MLANGO WAKO UKO WAZI." Madirisha ya kanisa nayo yalikuwa wazi, kwa ajili ya joto. Nikasikia mchungaji akikatiza somo. Nikainua macho, vichwa kumi na vinne dirishani.

Nikaweka kiganja juu ya mlango nikafumba macho. Nikasema nalifanyia gari maombi.

Mchungaji akasema amina. Wote wakasema amina. Clemon hakusema.

Ijumaa, 17 Juni

Jana sikuandika. Simu ikilia naruka. Kengele ya mlango ikilia najificha jikoni, kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Leo kengele ilikuwa Dada Odessa. Kaniletea mboga za majani zilizopikwa na nyama ya moshi, na mkate wa mahindi. Kasikia naumwa tumbo. Akakaa. Akaanza kunisimulia habari za marehemu, wala sikumwomba.

Akasema miaka ya mwisho Thaddeus alikuwa akimaliza kula anakwenda gereji, anakaa kwenye kigoda, sikio kwenye mlango wa gari. Mtu aliyeweza kupata tundu la jino kwa ncha ya kidole, akashindwa kuipata kelele moja. Akaanza kuamini akili yake inamtoka. Akaacha kuwapa wagonjwa sindano, akiogopa mkono wake. Akafunga kliniki mapema. Dada Odessa akasema angependa kukutana na yeyote aliyeisababisha kelele ile, kwa dakika moja tu.

Nikamuuliza atamfanya nini. Akasema hajui. Pengine dakika isitoshe.

Kisha akaniuliza, "Kaka Lucius, mbona hutafuni?"

Sikuweza. Meno yenyewe yalikuwa yamekataa.

Jumamosi, 18 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Clemon alikuwa aje saa kumi. Mimi nilifika saa nne. Dada Odessa alikuwa kanisani anafanya mazoezi ya kinanda, gereji iko wazi. Nikasema moyoni: Lucius, mlango huu uliufunga mwenyewe kwa sekunde arobaini, utaufungua kwa dakika tano. Niliufungua kwa nne! Ubao wa ndani nikaushusha. Nikaingiza mkono kwenye tundu la chuma. Vidole vikaigusa chupa. Baridi. Miaka thelathini, na waya bado umekaza kama siku ile. Hapo, nakiri, nilijisikia fahari kidogo.

Nikavuta mkono. Haukutoka. Ile saa niliyopewa na kiwanda nilipostaafu ilikuwa imenasa kwenye chuma.

"MLANGO WAKO UKO WAZI."

Najua, bwana!

Nikavuta, nikasokota, nikamwita Yesu. Moyo ukipiga mpaka kwenye ufizi. Saa nane nikasikia viatu. Clemon, kaja mapema, naye ana bisibisi ndani ya soksi! Tukatazamana. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Ndipo nikaona, kwenye chuma juu ya mkono wangu, chaki ya njano: KIMYA KABISA. C. YARBROUGH.

Alikuwa ameupitisha mlango ule bila kuufunga wala kuutikisa hata mara moja! Wiki nzima naye alikuwa anaogopa kama mimi. Mwili wangu umemzibia, akaninong'oneza nifute chaki kwa mkono ulio huru. Nikamnong'oneza anikatie saa kwanza. Akasema futa kwanza. Tukaanza kugombana kwa minong'ono, wazee wawili na mlango mmoja, na yule bwana wa kisanduku anatukumbusha kila nusu dakika kwamba uko wazi.

Dada Odessa alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui tangu lini.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alileta siagi, akanipaka mkono mpaka kwenye saa, akautoa mkono wangu taratibu kama anayemtoa samaki kwenye ndoana. Akaichukua chupa. Akakikung'uta kikaratasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mpaka jina. Akasoma na chaki.

Hata gari lilinyamaza.

Akasema Thaddeus alikuwa mzima wa akili, basi. Akalisema mara mbili. Akakaa kwenye kile kigoda na chupa mapajani.

Nikaanza kueleza habari za msimamizi na saa mkononi. Akainua kidole. Akasema, "Irudishe."

Sikuelewa. Akasema irudishe ulipoitoa, pale pale, na waya wako. Hiyo kelele yeye amelala nayo, amesafiri nayo, amemzika mumewe nayo. Ameizoea kuliko alivyonizoea mimi. Kikaratasi atabaki nacho yeye.

Nikarudisha. Machozi yalinitoka, nikasema ni siagi.

Jumapili, 19 Juni

Siku ya Akina Baba. Castellan iling'aa kuliko magari yote. Kikaratasi changu kimebandikwa kwenye kioo, mahali pa wote kuona. Upande wa kulia nimesimamishwa mimi na suti, upande wa kushoto Clemon na kipande cha chaki ya njano mkononi. Kuanzia ibada ilipokwisha mpaka jua linazama. Kila aliyepita alisoma, akatutazama, akautikisa mlango. Kodo-kodo-ko. Mchungaji aliutikisa mara tatu.

Dada Odessa alipita na sahani ya kambare. Hakusimama.

Nimeapa mbele ya gari lile kwamba mikono hii haitagusa tena mlango wa mtu.

Jumanne, 21 Juni

Clemon anasimulia kinyozini kwamba waya wangu ulikuwa umelegea! Ati nilikuwa fundi wa kubahatisha! Kila mtu kacheka.

Gari lake jipya la kijivu lilikuwa nje, madirisha yako chini. Mlango wa nyuma, wa kulia. Dakika sita, mchana kweupe, umri wa miaka sabini na minne. Chupa, nati tatu, waya mpya. Na kikaratasi. Nilitaka kutoandika jina safari hii, nikaona haya. L. Pettway, mstaafu.

Jioni simu ikalia, nikaruka. Dada Odessa! Mara ya kwanza tangu Jumamosi. Sauti imelainika kidogo. Akasema kesho anakwenda Alabama kwenye mkutano wa ukoo wao, Clemon anampeleka kwa gari lake jipya maana Castellan haifiki hata Toledo, mji wa jirani. Kuna nafasi moja. Akauliza kama nitakaa kiti cha nyuma, kulia, nikae kimya, anifikirie.

Maili mia nane. Nimesema ndiyo. Presha iko juu, koti nimeshalitundika tayari.

Lakini waya umekaza. Hilo watakiri wenyewe.